Machimbo ya kokoto yaliyoachwa: tuyafukie, au tuyafanye uwanja wa ngoma?

*"Mtaani kwetu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kuna machimbo ya mawe ambayo mwenye nayo aliyaacha miaka kadhaa iliyopita. Shimo lina urefu wa kama mita 90 na upana wa 60, na kuta zake zinafika mita 10 hivi. Mvua zikinyesha maji hujaa upande mmoja, watoto huogelea, na tayari mmoja amezama. Kuna kina mama wachache ambao bado wanagonga kokoto pale. Kikundi chetu kinacheza ngoma za Kigogo, na tunatamani pawe mahali pa wananchi wote: uwanja wa ngoma na zeze, miti, njia ya kutembea, na sehemu ya kuonyesha historia ya machimbo yenyewe. Wazee wanasema lazima lifukiwe kwanza. Wengine wanataka bwawa la samaki. Mwenyekiti wa mtaa anasema tupande miti tu, mengine yatakuja yenyewe. Tuanzie wapi?"*

Poleni sana kwa kumpoteza mtoto huyo. Swali lako limebeba mambo mengi, lakini nikilisoma naona wasiwasi mmoja mkubwa: mahali palipokwisha kuua, je, panaweza kuwa pa kukusanyikia watu bila kuwahadaa kwamba ni salama? Panaweza. Ila utaratibu wa kazi si huo wa wazee wala huo wa mwenyekiti. Wengi huanza na vya kupendeza, yaani maua, jukwaa na bango la rangi. Machimbo ya mawe yanataka kwanza kuta na maji vitulizwe, kisha wasikilizwe waliochimba, ndipo vya kupendeza vifuate.

Niwajibu wazee kwanza. Hofu yao ina msingi, lakini tupige hesabu kwa vipimo ulivyotuma. Mita 90 kwa 60, kwa kina cha mita 10, ni mita za ujazo 54,000. Lori linalobeba mita za ujazo 10 litakwenda tripu 5,400, na kwa kuwa kifusi hupungua kikishindiliwa, tripu halisi zitazidi hapo. Halafu kifusi hicho kitatoka wapi? Kitatoka kwenye shimo jingine, kata nyingine, na tatizo mtakuwa mmelihamisha tu. Njia rahisi inayoshawishi watu ni kujaza taka za mji. Hiyo naikataa kabisa. Taka huoza na kutitia kwa miaka mingi, hutoa gesi inayowaka, na maji yake machafu hupenya kwenye nyufa za mwamba hadi kwenye visima vya watu. Juu ya ardhi ya namna hiyo hamtajenga hata kibaraza. Kifusi mtakihitaji, lakini kiasi kidogo na mahali maalumu, kama nitakavyoeleza.

Sasa ukuta, maana hapo ndipo penye hatari ambayo watu hawaioni. Mwamba wa sehemu kubwa ya Dodoma ni graniti, matale. Watu huutazama na kusema jiwe hili halina shida, limekaa hapa tangu enzi na enzi. Ni kweli ni la kale, miamba hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Lakini graniti iliumbika chini sana ardhini ikiwa imegandamizwa na uzito mkubwa. Uzito huo ukiondoka juu yake, mwamba hutanuka na kupasuka katika matabaka yanayokwenda sambamba na uso wake. Hata vilima vya mawe mnavyoviona mjini vimejimenya hivyo hivyo. Mchimbaji akija, huongeza kasi ya jambo hilo kwa njia tatu. Baruti hupasua jiwe analolitaka, na pia hutikisa lile linalobaki nyuma. Moto wa kuni au matairi, ambao wachimbaji wadogo huuwasha juu ya mwamba ili upasuke, huacha vigae vilivyoachana na mwamba lakini havijaanguka. Na wale wanaofuata jiwe laini chini ya ukuta huacha sehemu ya juu imening'inia bila kiti.

Ukiongeza mvua ya Januari inayoingia kwenye nyufa, mizizi inayotanua nyufa hizo, na jua la mchana linalofuatwa na baridi ya usiku wa Juni, utaelewa kwa nini ukuta uliotulia miaka mitano unaweza kuachia kipande bila kuguswa na mtu. Kipande hicho hakianguki na kukaa. Hudunda, na jiwe la ukubwa wa ndoo likidunda kwenye sakafu ya mwamba linaruka mbali.

Kwa hiyo, kabla hamjapanda hata mche mmoja, fanyeni mambo haya. Juu ya ukingo, rudini nyuma mita kadhaa na mweke uzio. Nyaya za miba huibwa, nadhani unajua. Minyaa na mkonge iliyopandwa kwa kubanana hudumu na haina soko la chuma chakavu, ila waambieni watoto kwamba utomvu wa mnyaa ukiingia machoni unaunguza vibaya. Chini ya ukuta, mpaka mtaalamu aseme vingine, mtu asikae wala kucheza ndani ya umbali ulio sawa na kimo cha ukuta. Mahali pa kudumu pa kuzuia mawe ni mfereji mpana wenye mchanga laini chini ya ukuta, ili jiwe likianguka limezwe lisidunde. Hapo ndipo kifusi kidogo kinapopata kazi: kuegemeza ile sehemu iliyoliwa chini.

Nyufa zilizo juu, zile zinazokwenda sambamba na ukingo, zipimeni. Chukua saruji kidogo, paka kiraka chembamba kuvuka ufa, andika tarehe kwa msumari kabla hakijakauka. Kiraka kikikatika, ufa unatembea. Kazi hii ifanywe na mtu mzima aliyefungwa kamba kwenye mti imara nyuma yake, na pale tu ambapo ufa uko mbali na ukingo. Ufa ulio karibu na ukingo muachie mtaalamu.

Tuje kwenye maji na bwawa la samaki. Kinachoua kwenye shimo la machimbo ni umbo lake. Bwawa la kawaida lina ufuko unaoteremka pole pole, mtoto akisogea anahisi kina. Sakafu ya machimbo ina ngazi zilizokatwa wima, hatua moja maji ya magoti, hatua ya pili mita tatu, na ukingo ni jiwe laini lisilo na pa kushika. Juu ya hayo, maji yaliyotuama huleta konokono wa kichocho, na kwenye joto la Dodoma yai la mbu huwa mbu mzima kwa siku 7 hadi 14. Samaki wanaweza kupunguza viluwiluwi, lakini kama dimbwi lenu linakauka kila kiangazi, samaki watakufa kabla ya Septemba. Mimi nisingewashauri bwawa. Ningewashauri mfereji juu ya ukingo wa kukinga maji ya mvua yasiingie shimoni, na yale yatakayoingia yaelekezwe kwenye kona moja iliyolainishwa kwa mawe madogo hadi mteremko uwe wa kutembea. Huko yatatumika kumwagilia miche hadi yaishe. Ila msiyatoe kwa mfereji unaoelekea kwa jirani, maana mtagombana naye.

Kuhusu miti, mwenyekiti ana nia njema, lakini miti haipandwi kwenye jiwe. Sakafu ya machimbo ni mwamba uliopondwa na kushindiliwa na malori. Ukichimba shimo la mche hapo umetengeneza sufuria: Februari mizizi inazama ndani ya maji, Julai inakaangika. Ndiyo maana miti mingi ya siku za maadhimisho hufa mapema.

Mfano ulio karibu nasi na unaofundisha kweli ni Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe pale mwaka 1954, na mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, akaanza kazi ya kurudishia uhai jangwa lililobaki. Alijaribu aina 26 za miti, zikasalimika 3. Uliofana zaidi ni mvinje, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuwa yakioza, yalirundikana tu. Zikaletwa jongoo. Jongoo zikala majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na juu ya udongo huo ndipo mimea mingine ikashika. Leo pale ni bustani inayotembelewa na watu wengi. Cha kuiga hapo si mvinje, maana sakafu ya Bamburi ilikuwa karibu na maji ya chini ya ardhi na pwani ina mvua. Sisi tuna milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha ukavu mtupu. Cha kuiga ni mpangilio: udongo kwanza, na wenye kutengeneza udongo ni viumbe vidogo.

Kwenu hiyo ina maana kukusanya ule udongo wa juu ambao wachimbaji huusukuma pembeni kabla ya kufikia jiwe. Karibu kila machimbo yana rundo hilo, limeota nyasi, watu wanaliona ni uchafu. Ni mali. Uchanganyeni na samadi ya mbuzi, muutandaze kwenye vitanda vilivyozungushiwa mawe, angalau mita moja kwenda juu pale mtakapotaka mti. Pandeni migunga, mikwaju na mikole, na kama mna subira, mbuyu. Visiki vilivyo hai pembeni mwa shimo visichomolewe. Vipogoleeni kwa njia ya kisiki hai inayojulikana vijijini mkoani kwetu, yaani kubakiza machipukizi machache yenye nguvu na kukata mengine. Na mbuzi wasiingie. Kondoa ilitufundisha hilo kwa gharama kubwa: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 ulijenga makinga maji na kupanda miti, lakini uoto ulirudi kwa nguvu pale mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Kuhamisha mifugo ya watu kulileta machungu ambayo wenyeji bado wanayasimulia, kwa hiyo nyinyi malizaneni na wafugaji wa mtaa kwa mazungumzo, eneo ni dogo.

Jambo ninalolijali kuliko yote katika barua yako ni wale kina mama. Umewataja kwa sentensi moja. Kwangu wao ndio mlango wa mradi mzima. Mkifunga uzio bila kuzungumza nao, mtakuwa mmewaondoa wahitaji kwenye riziki ili wengine wapate pa kupumzikia, na mahali hapo patakuwa na kinyongo tangu siku ya kwanza. Mgonga kokoto anakaa chini ya turubai, jiwe kubwa mbele yake, nyundo mkononi na pete ya mpira wa tairi ya kuzuia vipande visiruke, anajaza debe kwa debe. Vumbi la graniti lina silika, madini yaliyo ndani ya jiwe lenyewe, na likivutwa kwa miaka linaharibu mapafu pasipo tiba ya kuyarudisha. Kwa hiyo sisemi waachwe hivyo hivyo. Nasema kazi za mawe za mradi huu, kuta fupi, ngazi, vitanda vya miti, mifereji, wapewe wao kwa malipo na kwa vifaa vya kujikinga. Wanajua jiwe lipi linapasuka kwa mstari na lipi linavunjika hovyo. Hakuna fundi wa mjini anayeujua mwamba huo kuwazidi.

Na historia ya machimbo wanayo wao na wale vijana waliokuwa wakitoboa na kupakia. Waulizeni kila kona ya shimo waliiita nani, nani aliumia wapi, bei ya tripu ilikuwa ngapi, mawe yalikwenda kujenga nini. Rekodini kwa simu, kwa idhini yao, mapema, kabla watu hawajatawanyika. Mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein, kule Essen, Ujerumani, ulifungwa mwaka 1986 na mwaka 2001 ukaingia kwenye Urithi wa Dunia. Mitambo iliachwa imesimama mahali pake, na waliowahi kufanya kazi mgodini wamekuwa miongoni mwa wanaowatembeza wageni. Acheni basi alama za matundu ya kutobolea kwenye ukuta ulio salama, msizipake rangi. Makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yapo hapa hapa Dodoma. Nendeni mkaombe mtaalamu aje awaelezee mwamba wenu kwa lugha ya kueleweka. Waulizeni pia wazee kama mahali hapo palikuwa na tambiko kabla ya kuchimbwa. Kolo, Kondoa, michoro ya miambani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na bado kuna pango ambalo wenyeji hulitumia kwa tambiko. Jiwe likiwa na heshima yake, uwanja wa ngoma uisogelee heshima hiyo kwa adabu.

Uwanja wenyewe unawezekana, na mashimo ya mawe yana sauti nzuri yakishughulikiwa. Uswidi, karibu na Rättvik, machimbo ya chokaa yenye kina cha mita 60 yalifungwa mwaka 1990, na kufikia 1995 yalikuwa ukumbi wa wazi wa muziki. Lakini sauti ina hesabu zake. Inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mkipiga ngoma ya muheme katikati ya shimo lenu, sauti itakayogonga ukuta ulio mita 45 mbele na kurudi itachelewa zaidi ya robo sekunde, na sikio litaisikia kama ngoma ya pili inayokosea mapigo. Wapigaji wakiwa na ukuta mita chache nyuma yao, mwangwi unarudi mapema mno kwa sikio kuutenganisha, na sauti inapata nguvu. Tatizo ni kwamba chini ya ukuta wa mita 10 nimeshawakataza kukaa. Jengeni basi ukuta mfupi wa mawe, mita mbili hivi, uliopinda, mbali na ukuta mkubwa, na wapigaji waupe mgongo. Upande wa mbali wekeni marundo ya mawe yasiyolingana na vichaka, vitavunja mwangwi. Zeze na ilimba, ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zina sauti ndogo, zinataka watu wakae karibu wakizunguka. Kwa hiyo fanyeni duara la udongo ulioshindiliwa, si jukwaa la zege lililoinuliwa. Ngoma zetu hazikuzaliwa jukwaani, mtazamaji huingia akacheza. Nendeni Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo mkaangalie watu wanavyosimama na kusogea, kisha ndipo mchore.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, lakini msiiruke. "Aliyaacha" si lugha ya kisheria. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa miaka 7 na inaweza kuhuishwa, kwa hiyo huenda bado iko hai. Chukueni jira za eneo, yaani namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, kwa simu, mwende ofisi ya Afisa Madini Mkazi, chini ya Tume ya Madini, mkaulize. Kama iko hai, mwenye nayo ana wajibu chini ya Mpango wa Utunzaji wa Mazingira aliouwasilisha, naye aitwe kabla nyinyi hamjabeba gharama yake. Kisha Jiji, ambalo ndilo lenye shughuli za ardhi tangu CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilipovunjwa mwaka 2017: ulizeni eneo limechorwaje kwenye mchoro wa mipangomiji, na muombe kwa maandishi, mkiambatanisha muhtasari wa mkutano wa mtaa, litengwe kuwa eneo la wazi la umma. Fanyeni hivyo kabla ya kupanda. Eneo likishapendeza, wenye macho ya viwanja huja upesi. NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, nao waulizwe kama mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira.

Kwa uwezo wa mtaa, naona njia tatu. Mnaweza kuweka uzio na mifereji tu, mkaacha uoto urudi wenyewe: ni rahisi, ni salama, lakini wananchi hawapati mahali. Mnaweza kutengeneza ukingo wa juu peke yake, njia ya kutembea iliyorudi nyuma, vivuli, na kibanda cha historia, huku chini pakiwa pamefungwa. Au mshuke hadi sakafuni na kujenga duara la ngoma. Mimi ningeanza na ukingo. Misimu miwili ya mvua ikipita viraka vya nyufa havijakatika na mtaalamu akaridhika, ndipo mfungue sakafu, na mfungue kiangazi tu. Mvua zikianza, lango la chini lifungwe.

Mambo mengine hayasubiri ushauri wa kuandikiana. Mkiona ufa mpya juu ya ukingo, mti uliokuwa wima ukiinama kuelekea shimoni, changarawe ikimwagika ukutani pasipo mtu, au maji yakichuruzika katikati ya ukuta siku kadhaa baada ya mvua, ondoeni watu wote siku hiyo hiyo, kina mama wakiwa wa kwanza, na mwite mhandisi wa miamba kupitia ofisi ya madini. Mkikuta fataki za kuwashia baruti, tambi za kulipulia au baruti iliyobaki, msiguse wala msipige picha kwa karibu. Weka mtu wa kuzuia watoto na upige simu polisi. Na kama kuna aliyewahi kuchenjua dhahabu pale, hata kidogo, udongo na maji yapimwe zebaki kabla ya lolote. Machimbo ya dhahabu yenye maduara (mashimo marefu ya kuchimbia), mialo (sehemu za kuchenjulia) na marudio (mabaki ya uchenjuaji), kama yalivyo mengi upande wa Iramba, ni habari nyingine kabisa, na ushauri huu hautoshi.

Kwa sasa, kwa kuwa watoto bado wanaogelea, kazi ya wiki hii ni moja. Kaa na kina mama wale na mtendaji wa mtaa, wekeni zamu ya watu wazima kwenye kona ya maji saa za mchana watoto wanapotoka shule, kamba ndefu iliyofungwa dumu tupu ining'inizwe pale pale kwenye nguzo, na ijulikane ni ya kuokolea, isichukuliwe kwa kazi nyingine.